Kakangu kila hospitali anapewa jina jipya la ugonjwa, sasa wamesema skizoafektivu. Mbona hawakubaliani?

BintiMishomoroni

Asalaam aleykum na habari zenu nyote. Naandika usiku huu manake nyumbani kumewaka moto na sina mtu wa kumuuliza ambaye hatanihukumu kabla sijamaliza kuongea.

Kakangu ana miaka 27. Alikuwa kijana wa kawaida kabisa, anafanya kazi godauni huko Changamwe, mtu wa stori nyingi na mpira. Ilianza kwa kukosa usingizi, lakini si kama mtu anayeteseka, yeye alikuwa na raha zake, anaongea mbio mbio mpaka huwezi kumkatiza, akachukua mikopo ya simu akawanunulia viatu watoto wa mtaa, akatwambia ati amepata tenda bandarini. Baada ya hapo ndo akaanza kusema kuna watu juu ya bati wanamjadili usiku. Tukampeleka hospitali, wakamuuliza unakula muguka? Akasema ndio, na ni kweli alikuwa anatafuna hayo majani, sitaficha. Basi wakaandika ni madawa, akapewa dawa za kumtuliza, tukaambiwa akiacha muguka atakuwa sawa.

Akaacha. Akatulia kwa muda. Halafu akaingia hali nyingine, kimya, haogi, hataki kula, anakaa ukingoni mwa kitanda anaangalia mlango tu, na ukimuuliza anasema wale watu wa juu ya bati bado wapo. Kwingine tukaambiwa ni skizofrenia. Baadaye akapanda tena, safari hii alitoka hapa kwetu kwa miguu mpaka Mtwapa ati anaenda kuhubiri, huko alikolazwa wakasema hii ni baipola, wakabadilisha dawa zote. Sasa mwezi huu tumepata daktari mwingine, huyu alikaa na mama kitako, akaomba kadi zote za zamani, akauliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza, mwisho akasema yeye anafikiri ni skizoafektivu.

Mjomba kusikia jina jipya akasema yatosha, hawa madaktari wanabahatisha, mtoto ana jini na apelekwe akasomewe, dawa ziachwe kabisa. Mama yuko katikati, analia tu. Kakangu mwenyewe amechoka, juzi aliniambia "kwani mimi ni magonjwa mangapi?" nikakosa la kumjibu.

Maswali yangu: hakuna kipimo, hata cha damu ama skani, kitakachosema ni hiki na si kile? Wanajuaje? Na je twende kwa daktari mwingine tena ama tukae na huyu? Tafadhali anayejua anisaidie, na mwenye matusi kuhusu wagonjwa wa akili apite tu.

---

nesi_wa_zamu

Waaleykum salaam dadangu. Pole sana, na mama mpe pole zetu. Mimi ni nesi wa magonjwa ya akili, nimekaa wodini miaka mingi hapa Pwani, kwa hivyo nitaandika kirefu mnivumilie. Kakako sijamwona, siwezi kukwambia anaumwa nini, lakini hili la majina kubadilika naweza kukueleza.

Kipimo hakuna. Hakuna damu wala skani inayotoa jibu kwamba hii ni skizofrenia ama baipola (ule wa hisia kupanda na kuzama) ama skizoafektivu. Damu inapimwa ili kuondoa magonjwa mengine yanayoiga hali hiyo, HIV, kaswende, tezi ya shingo, na kwetu huku malaria iliyopanda kichwani. Hayo yakishaondolewa kinachobaki ni maelezo, daktari anategemea alichoambiwa na alichokiona siku hiyo kwa macho yake, na hapo ndo penye shida yote.

Sasa soma tena ulivyoandika mwenyewe. Wa kwanza walimwona amepanda na muguka juu. Waliofuata walimwona amezama na anasikia sauti, sijui kama mliwaambia kwamba kabla ya hapo alipanda, mara nyingi familia haisemi kwa sababu haikuulizwa. Wengine tena wakamwona amepanda. Kila mmoja aliona kipande, na kile kipande kilikuwa cha kweli. Skizoafektivu haionekani kwa kipande kimoja, inataka uone mfuatano, kipi kilikuja lini na kipi kilibaki wakati kingine kimeondoka.

Kuna mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa 2013, unasema hivi: kuwe na wakati ambapo mtu ana dalili za skizofrenia (sauti, imani zisizo za kweli, maneno yasiyoshikana) na wakati huohuo ana mania (kupanda) ama dipreshoni kubwa (kuzama). Halafu katika ugonjwa wake wote kuwe na wiki 2 ama zaidi ambazo sauti ama zile imani zipo huku hisia zimetulia, hajapanda wala hajazama. Na tena hizo hisia kupanda na kushuka ziwe zimechukua sehemu kubwa ya muda wote wa kuumwa, si siku kidogo tu. Na isiwe ni madawa ama ugonjwa wa mwili.

Hizo wiki 2 ndo kiini cha mambo. Baipola kali nayo huleta sauti, lakini hisia zikitulia sauti nazo huondoka. Kwa hivyo swali ni moja: zile siku kakako alikuwa ametulia, anakula vizuri, anacheka na nyinyi, wale watu wa juu ya bati walikuwepo ama hawakuwepo? Hilo atalijua nani kama si yeye na nyinyi mnaoishi naye? Daktari wa dakika kumi kwenye foleni ya watu sitini atalijulia wapi?

Alafu kuna mwongozo wa WHO, ICD-11, ulioanza kutumika 2022. Huo unaangalia kipindi cha ugonjwa kilichopo, unataka dalili za aina zote mbili zije pamoja ama zipishane siku chache tu, na zidumu angalau wiki 4. Yaani mmoja unaangalia tokea mwanzo mpaka leo na mwingine unaangalia kipindi hiki. Daktari akifuata huu na mwenzake akafuata ule, mgonjwa yuleyule atatoka na majina mawili na hakuna kati yao aliyebahatisha. Na kwa huo wa WHO mtu anaweza kuwa na kipindi kimoja cha skizofrenia na kingine cha skizoafektivu, haimaanishi kwamba la kwanza lilikuwa uongo.

Kuhusu muguka. Tangu ule mvutano wa 2024 kaunti ilipotangaza marufuku, kijana yeyote hapa Mombasa akichanganyikiwa jibu la kwanza ni muguka, na wakati mwingine ni kweli, muguka na bangi zinaweza kumfanya mtu asikie sauti na zinaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Lakini sauti za madawa kwa kawaida huisha ndani ya mwezi mmoja hivi toka mtu aache. Wewe umesema aliacha na sauti zikaendelea. Hiyo mwambie daktari waziwazi, na umwambie aliacha lini.

Jambo lingine linalochanganya hata sisi wa wodini ni dawa zenyewe. Mtu akipewa haloperidoli, dawa ya sauti, dozi kubwa anaweza kuwa mzito, uso umekaza, haongei, anatembea bila kurusha mikono. Asiyemjua atasema huyu ana dipreshoni. Na mwingine dawa hiyohiyo inamfanya ashindwe kukaa chini, anazunguka zunguka chumba kizima, miguu haitulii hata akiwa amelala, watu wanasema amepanda tena wanamwongeza dozi, na kumbe dozi ndo inayomzungusha! Hilo nimeliona mara nyingi na linanikera mpaka leo. Pia ule ukimya wa skizofrenia, mtu kukosa hamu ya kitu chochote, unafanana sana na dipreshoni ukiuangalia kwa mbali.

Na mkiangalia zile kadi za zamani huenda mkaona alama ya kuuliza imewekwa kabla ya jina la ugonjwa. Ile alama inamaanisha daktari bado anachunguza, jina ni la muda. Bahati mbaya mgonjwa akihamia kwingine jina linanakiliwa na ile alama inaachwa.

---

MzeeMajengo

Binti yangu, mimi mtu mzima nitasema ninaloamini. Jina la ugonjwa halina faida yoyote. Wakati wetu mtu alikuwa anaumwa akili basi, anasomewa, anakunywa kombe, anakaa na watu wake wanamwangalia, wengine wakapona wakaoa. Sasa mnazungushwa na majina ya kizungu na pesa zinaisha. Sikatai hospitali, lakini dawa ikimtuliza si ndo hiyo hiyo mpewe muendelee? Jina la nini. Na hilo la jini msilipuuze, sisi watu wa Pwani tunajua.

---

kijana_wa_feri

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima yote, mie naishi na huu ugonjwa unaozungumzwa hapa na jina kwangu lilibadilisha mambo, wacha nieleze.

Mie ni wa Likoni. Nliitwa baipola kwa muda mrefu. Nikipanda sauti zilikuwa zanisifu, zasema weye ndo uliyechaguliwa, nikizama zasema huna maana jitupe baharini. Hiyo madaktari walikuwa waijua, waliandika yote. Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba hata nikiwa sawa kabisa kuna sauti moja ilikuwa haiondoki, haikuwa kubwa wala haitukani, ilikuwa yatangaza tu ninachofanya. Niko jikoni nasukuma mahamri nasikia "sasa achukua unga, sasa amwaga mafuta". Kila siku. Sikusema kwa sababu nlijua nikisema nasikia sauti nitarudishwa wodini, na wodini nlikuwa nshaona ya kuona. Kwa hivyo kliniki nikiulizwa unaendeleaje, nasema alhamdulillahi, sauti? hakuna. Daktari aandika hakuna sauti. Apunguza ile dawa ya sauti aniachia ya hisia peke yake, baada ya wiki kidogo nimerudi kule kule.

Aliyekuja kuigundua ni dada mmoja klinisho, hakuniuliza "wasikia sauti?", aliniuliza "ukiwa peke yako nyumbani, siku nzuri, kuna utulivu kichwani?" Nikanyamaza. Akangoja. Hakuandika kitu, aliweka kalamu chini akangoja tu mpaka nikasema. Toka siku hiyo nilibadilishiwa, nala dawa ya sauti na ya hisia zote mbili pamoja na ile ya sauti haiondolewi hata nikiwa mzima. Nafanya kazi sasa hivi.

Kwa hivyo BintiMishomoroni, kakako akikuuliza ni magonjwa mangapi mwambie ni mmoja, ulikuwa ukionekana kipande kipande. Na umuulize taratibu kuhusu zile siku nzuri, lakini usimuulize mbele ya mjomba.

---

UmmuHafsa

Mimi naongezea kidogo tu, msije mkasahau mwili. Binamu yangu alipewa majina yote hayo, skizofrenia, baipola, mpaka tukazoea. Alikuwa anasikia harufu ya kitu kinachoungua hakuna mtu mwingine anaisikia, halafu anaduwaa macho yamekodoka kama dakika moja, anatafuna tafuna mdomo bure, halafu ndo anaanza kuongea vitu visivyoeleweka na kuogopa. Sisi tunasema ni jini linapanda. Kuja kupelekwa kupimwa umeme wa ubongo ikatoka ni kifafa, kile kisichoangusha mtu. Akapewa dawa za kifafa na mambo yakawa mengine kabisa. Sisemi kakako ana kifafa! Nasema tu ulizeni kama hivyo vitu vimeangaliwa. Na kama kuna dawa nyingine yoyote anayokula ya ugonjwa mwingine itajeni, kuna dawa zinaweza kuchafua akili, za steroidi kwa mfano.

---

nesi_wa_zamu

@UmmuHafsa ahsante, hilo ni la maana sana, hizo harufu na kuduwaa ni vitu ambavyo daktari hataviona kwenye kiti chake, lazima aambiwe.

@MzeeMajengo mzee wangu nakuheshimu lakini hapo kwa jina nitapingana na wewe. Chukua mtu ambaye amezama, analia, hali chakula. Akionekana ni dipreshoni peke yake atapewa dawa ya dipreshoni. Kama kumbe ana historia ya kupanda, dawa hiyo ikiwa peke yake inaweza kumrusha juu na hapo ndo mnamkuta anagawa pesa barabarani. Akiitwa skizofrenia peke yake anaweza kukaa miaka bila dawa ya kushika hisia, na kila mwaka anavurugika mnashangaa mbona dawa anakula. Akiitwa baipola peke yake, yatamkuta yaliyomkuta kijana wa feri. Na zile za kushika hisia si za kuokota tu, lithiamu inataka kupimwa damu mara kwa mara pamoja na figo na tezi ya shingo, valproeti kwa msichana anayeweza kushika mimba ni hatari kwa mtoto. Sasa utampa mtu dawa kama hizo kwa kukisia?

Ila kwa jini nakubaliana na wewe nusu. Mtu wa Pwani kusema ana jini peke yake si dalili ya ugonjwa. Ni jambo ambalo watu wake wote wanaliamini, na mwongozo wenyewe unakataza kuhesabu imani ya jamii nzima kama wazimu. Nimeshaona faili ambayo daktari mgeni na huku aliandika "anaamini majini" kama dalili, na mama yake na shangazi zake wote walioketi pale nje wanaamini hivyohivyo. Linalotakiwa kuulizwa ni je, hata watu wake wanaona amevuka mpaka? Wakisema "sisi tunajua majini lakini hii ya huyu si kawaida", hapo sikiliza.

Na mjue ugonjwa wenyewe si wa kila siku, kwa makadirio ya DSM-5 ni kama asilimia 0.3 ya watu katika maisha yao, thuluthi moja hivi ya skizofrenia. Jina lilianza 1933 kwa daktari Jacob Kasanin huko Marekani aliyeandika kuhusu wagonjwa 9, vijana waliovurugika ghafla, wana dalili za pande zote mbili, na wengi wakapata nafuu nzuri. Toka hapo wataalamu wanabishana mpaka leo kama ni ugonjwa unaosimama peke yake ama ni mahali skizofrenia na baipola zinapokutana. Naandika haya ili mjomba ajue kwamba hata huko vilikotoka vitabu jambo hili halijatulia, daktari wenu kusema "nafikiri" ni ukweli, hajashindwa kazi.

---

BabaMtu_Bamburi

Nimesoma yote nimetokwa na machozi kidogo. Binti yangu amepitia haya, naomba niseme kilichotusaidia sisi.

Mke wangu alikuwa na ile kalenda ya swala ya ukutani, zile wanazotoa madukani bure. Alianza kuandika pale pale kwenye vile visanduku vya tarehe, neno moja ama mawili tu: hakulala. analia. mzima. anacheka peke yake. mzima, aongea na dirisha. Hakuna aliyemwambia, alikuwa anafanya ya kwake tu apate kukumbuka. Tulipobadilisha daktari aling'oa ile kalenda akaikunja akaitia kwenye mkoba. Daktari akaitandaza mezani, akachukua kalamu nyekundu akazungushia zile siku zilizoandikwa "mzima, aongea na dirisha". Zilikuwa zimefuatana nyingi. Akasema mama, hii peke yake imenisaidia kuliko faili lote hili. Hapo ndo tukaambiwa ni skizoafektivu, ile ya upande wa dipreshoni, kwa sababu kwenye miezi yote ile hakukuwa na hata siku moja ya kupanda. Sikuwa najua kwamba ziko mbili, kuna ya mania na kuna ya dipreshoni tupu.

Kuhusu kisomo, sisi twasoma. Sheikh tuliyemwendea ndiye aliyetwambia kwa mdomo wake, someni na dawa msiache hata siku moja, na akikwambieni mtu acheni dawa huyo mkimbieni. Mwambie mjomba wako hivyo, pengine kwa sheikh atasikia. Lakini kama mnampeleka mahali ambapo watu wanafungwa minyororo ama wanapigwa ati kumtoa jini, hapana binti yangu, hapo simama kidete hata wakuchukie.

---

MzeeMajengo

Hapo kwa kalenda mmenifunza kitu. Na la minyororo mimi pia sikubali, nisieleweke vibaya. Binti, mjomba wako akitaka kuongea na mtu mzima mwenzake niandikie pembeni, tutaongea kwa simu.

---

BintiMishomoroni

Shukran sana jamani, sikutarajia. Mama nimemsomea zote, ile ya kalenda amenifanya nirudie.

Leo asubuhi nilikaa na kakangu uani anakunywa chai, nikamuuliza kama alivyosema kijana wa feri, nikamwambia zile wiki ulizorudi kazini, tuliposema umepona, kulikuwa kimya? Akanitazama muda mrefu, akasema "walikuwa wananong'ona tu, hawakuwa wabaya". Yaani kwa wiki zote zile tulizokuwa tunashukuru Mungu! Nimeandika kwenye simu hapo hapo na tarehe za kazini ninazo kwa sababu aliingia kwenye daftari la zamu. Nikamuuliza pia kuhusu harufu na kuduwaa, hivyo hana.

Basi tumekubaliana na mama tutabaki na huyu daktari. Mjomba bado, ila amekubali dawa zisiachwe kwanza.

Swali moja limebaki. Amepewa lithiamu na dawa nyingine ya usiku. Ramadhani haiko mbali na yeye hajawahi kuacha kufunga tokea utotoni, nikimwambia asifunge atavunjika moyo. Inawezekana?

---

kijana_wa_feri

Hiyo ya kunong'ona naijua dadangu. Msalimie sana.

---

nesi_wa_zamu

Umefanya kazi kubwa dadangu. Hayo maneno ya kunong'ona na zile tarehe mpelekee daktari kama yalivyo, usiyapambe wala kuyapunguza, kwa sababu ndo yale yale ya wiki 2 niliyoeleza. Na kama kuna mtu kazini mnayemwamini muulizeni naye alimwonaje siku zile, wakati mwingine mtu nyumbani anajikaza na kazini anaonekana.

Ramadhani na lithiamu si jambo la kuamua nyumbani. Mwili ukikauka maji lithiamu inapanda kwenye damu, na joto letu hili la Mombasa mnalijua, mtu anatoka jasho toka alfajiri na hanywi mpaka magharibi. Ikizidi ni sumu: mikono inatetemeka kwa nguvu, anaharisha, anatapika, anapepesuka kama amelewa, maneno yanakuwa mazito. Ukiona hivyo hiyo ni dharura, hospitali saa hiyo hiyo, na dozi inayofuata msimpe. Nendeni kliniki kama mwezi mmoja kabla ya mfungo apimwe damu na figo, daktari aamue kama anaweza kufunga na saa za dawa zipangwe vipi, wengine wanaruhusiwa na wengine hawaruhusiwi. Na usingizi vilevile, kukesha na kuamka daku kila usiku kunaweza kumpandisha mtu mwenye mania, kwa hivyo hata akiruhusiwa apangiwe masaa ya kulala mchana na mkubaliane nani atamwamsha. Akikatazwa, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, mtafutieni sheikh amwambie mwenyewe asikie, msimwambie nyinyi.

Na kichwa kikimuuma asinunuliwe Brufen dukani wala diklofenaki, hizo nazo zinapandisha lithiamu. Panado ndo salama kwake. Waambie na wale wa duka la dawa la hapo mtaani wamjue.